Sura ya Tano: Tiki Mbili Gizani

Tk.

Sauti ilitoka jikoni, ndogo, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti gizani. Friji ikajitikisa, ikaanza kunguruma. Kabla taa ya sebuleni haijatulia vizuri, Asifiwe alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mlango wa friji, mkono ndani. Alitoa kichupa cha insulini, akakibandika shavuni.

"Bado ya baridi," alisema. "Afande, dawa bado ya baridi."

Sajenti Demetria alitazama saa yake. Saa mbili na dakika saba usiku. Akaandika kwenye daftari: *Umeme umerudi 2:07.* Juu ya mstari huo palikuwa na mwingine alioandika jioni: *Umeme umekatika 11:40.* Alikuwa na tabia hiyo katika kila kesi, na kituoni walimwita Msoma Mita. Leo hakukuwa na wa kucheka.

Blessing, miaka sita, alitoweka getini pa nyumba hii ya Madale jana, Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa na kisukari cha utotoni, na huchomwa sindano asubuhi na jioni. Ya jana jioni ilipita. Ya leo asubuhi ilipita. Na ya jioni hii nayo ilikuwa imechelewa kwa saa mbili. Mchana daktari wake alimwambia Demetria kwa simu, "Bila dawa, mtoto huyo usimhesabie siku, afande. Mhesabie saa."

Alichoondoka nacho ni kishikwambi chake chenye kava la pinki, basi. Na tangu jana dalili pekee iliyopatikana ilikuwa ndani ya simu ya mama yake: vialama viwili vya tiki.

"Nionyeshe tena," alisema Demetria.

Asifiwe alifungua wasap. Ujumbe aliutuma jana: *Mwanangu uko wapi. Bonyeza picha ya simu uniite.* Kutwa nzima ulikaa na tiki moja. Jioni hii ikaja ya pili. Demetria alibonyeza mpaka maelezo yakafunguka. Umefika leo, saa moja na dakika kumi na sita.

"Kishikwambi kina laini?"

"Hakina. Nilikisajili kwa laini yangu ya zamani, halafu nikaitoa. Kinashika waifai ya humu ndani tu. Paswedi aliingiza fundi mwenyewe, yule aliyeletwa na wifi."

"Ndiyo maana nasema mtoto yuko hapahapa!" alidakia Loveness.

Loveness alikuwa dada wa marehemu baba yake Blessing. Tangu jana jioni alikuwa akija na kuondoka, na akiwepo, alikaa kwenye mkeka wa sebuleni na Biblia yake, akiongoza maombi. Zile tiki mbili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzitangaza kwa majirani. "Waifai ya hapa haivuki hata korongo," aliendelea. "Wachimbe tu. Wafunue kila shimo."

Nje walikuwa wanafunua. Wanaume kumi na kitu, tochi kichwani, sululu mikononi, walikuwa kwenye shimo la choo la jumba lisilomaliziwa upande wa pili wa barabara. Kila sululu ilipogonga zege, Asifiwe alifumba macho.

Demetria alisogea kwenye rafu ya TV. Ruta ndiyo kwanza ilikuwa inaamka, taa zake zikiwaka mojamoja. Aliitazama mpaka ya mwisho ikawaka.

"Hii ina betri?"

"Haina," alisema Asifiwe. "Umeme ukikatika, na yenyewe imekufa. TV, kamera ya getini, kengele, vyote vinalala."

"Umeme ulikatika kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Umerudi sasa hivi. Ujumbe umefika saa moja na dakika kumi na sita." Demetria alifunga daftari. "Saa hiyo ruta hii ilikuwa maiti. Kishikwambi hakikushika mtandao wa humu."

Nje sululu iligonga tena.

"Twaha," Demetria alimwita konstebo wake, "waambie waache kuchimba."

"Unawazuiaje?" Loveness aliinuka nusu. "Wamebakiza kidogo!"

"Kidogo cha nini, dada?"

Loveness alikaa.

*

Chausiku, dada wa kazi, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, miguu kaikunja. Alilala mahabusu usiku wa jana, na Demetria ndiye aliyemtoa jioni hii ili aonyeshe alikuwa amesimama wapi. Ndugu walishamhukumu: Ijumaa, kati ya saa tisa na dakika tano na saa kumi kasoro dakika kumi, kamera ya getini haikurekodi kitu. Chausiku alikuwa amechomoa ruta.

Demetria alirudisha mlango, akachuchumaa naye.

"Chausiku."

"Abee, afande."

"Naomba simu yako."

Ilikuwa simu ya kitochi, ya vitufe tu, iliyofungwa kwa mpira wa nywele. Baada ya tiki ya pili, mtu mmoja kituoni alikuwa ameandika kwamba huenda binti huyu ndiye anayekirushia mtandao kishikwambi.

"Hii inarusha mtandao?"

"Hiyo? Hata tochi yake inawaka ikijisikia."

"Kwa nini ulichomoa ruta?"

"Nachomoaga kila nikipiga pasi. Soketi ile ndiyo nzima, ya huku inarusha cheche. Wallahi sikujua kama kamera inategemea pale. Kamera iko getini, kiboksi kiko ndani, waya hakuna. Mie nitajuaje vimeshikana?"

"Ijumaa saa tisa ulikuwa unanyoosha nini?"

"Gauni la kwaya la shangazi Loveness. Alilisahau hapa. Akapiga simu, ninyooshe sasa hivi, kuna mtu anamtuma aje kulichukua."

"Akaja?"

"Hakuja mtu, afande. Nilivyomaliza nikatoka kumwita Blessing aje anywe uji, nikaita, nikaita..." Alifuta pua kwa mtandio. "Wananiambia nimemuuza. Mie! Mimi ndiye namshikaga mkono akichomwa."

Demetria alipekua orodha ya simu zilizoingia. *Shangazi. Ijumaa, 9:02.* Akaandika. Aliporudi sebuleni alipitia chumba cha kulala. Gauni lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, jeupe, marinda yamesimama kama wembe.

*

Kelele zililipuka getini. Wanaume wa sululu walimwingiza Audax, jirani wa ukuta kwa ukuta, wakimvuta kola ya shati. Mwingine alikuwa amebeba kidude cheupe kilichong'olewa ukutani.

"Huyu hapa! Kwake taa zilikuwa zinawaka saa zote za giza, ana sola! Na hiki kidude kina waifai ya humu!"

Audax alikuwa na tope mpaka magotini. Tangu saa sita mchana alikuwa kwenye mashimo pamoja nao.

"Mwachieni asimame," alisema Demetria. "Braza, paswedi ya humu ulipewa na nani?"

Audax alimtazama Chausiku, kisha akatazama sakafu. "Nilimpa trei ya mayai."

"Nusu trei," Chausiku alisema kutoka jikoni.

"Nusu trei," alikubali Audax. "Afande, kidude hiki hakitengenezi mtandao. Kinadaka wa kwao, kinausogeza mpaka kwangu. Wa kwao ukizima, mie naangalia duara linazunguka. Leo saa moja mechi ndiyo imeanza, nikapanda kutoka shimoni nione hata dakika tano. Muulize mama watoto nilivyolitukana lile duara."

Demetria alimpa Twaha simu ya Audax na kidude, akamwambia akakichomeke tena kwa Audax. Kisha akachomoa ruta ukutani. Asifiwe alishtuka kana kwamba kachomolewa yeye. Dakika mbili, tatu. Twaha alipaza sauti kutoka juu ya ukuta:

"Jina lipo, afande! Mtandao hakuna!"

"Umesikia? Mwacheni mzee wa watu."

Mmoja alimpangusa Audax tope begani, kwa aibu. Demetria alichomeka ruta na kubaki na neno moja. Jina. Alichukua simu ya Asifiwe na kuangalia jina la mtandao ambalo kila mtu humo ndani alilizoea mpaka halisomi tena: FUNDI ROGERS, na namba ya simu mbele yake.

"Hili jina mlichagua nyie?"

"Fundi aliliweka mwenyewe. Nikaliacha."

Barua kwa kampuni ya mtandao ingejibiwa Jumatatu. Demetria alipiga namba iliyokuwa hewani.

Upande wa pili muziki wa singeli ulikuwa unapigwa kwa fujo, na grenda ilikuwa inakata chuma.

"Fundi Rogers hapa Manzese, mtandao bila waya, niambie bosi wangu!"

"Sajenti Demetria, polisi, Madale."

Singeli ilizimwa.

"Shikamoo, afande. Kama ni ile kamera ya baa, mie nilishairudia bure."

"Nyumba ngapi zina mtandao wenye jina lako?"

"Zote nilizofunga. Ndiyo tangazo langu. Wenzangu wanaandika ukutani, ukuta unapakwa rangi. Mie naandika hewani."

"Na paswedi?"

"Paswedi ipo, afande, tena ngumu."

"Rogers."

"Ni hiyohiyo moja, afande."

"Nyumba zote?"

"Wateja wanasahau! Mtu ananunua TV mpya, ananipigia saa sita usiku, fundi, TV inataka paswedi. Sasa mie nikariri nyumba ngapi? Nikaona niweke moja, na mie nikiingia kwa mteja simu yangu inashika yenyewe, kazi inakwenda."

"Kwa hiyo kifaa kilichozoea nyumba moja..."

"Kikifika nyumba yangu nyingine kinashika chenyewe. Hakitofautishi, afande. Jina lile, paswedi ile. Kwake hapo ni nyumbani."

Demetria aligeukia dirisha, mgongo kwa watu wote. "Unaweza kuona vilivyoshika kwa wateja?"

"Wale walioniruhusu niwatunzie, naona hapa kwenye simu. Wako kumi na wanne."

"Tafuta kishikwambi cha mtoto wa Madale. Leo, saa moja na dakika kumi na sita."

"Kale ka pinki? Nilikapa jina mwenyewe, Blessing. Subiri, usikate." Alipumua kwa nguvu, akisoma kwa sauti. "Goba, umeme hakuna. Tegeta, hapana. Kimara hapana... Sinza, TV mbili na simu... hapana. Haka hapa. Kameingia saa moja na dakika kumi na tano, kametoka saa moja na nusu."

"Kwa nani?"

"Mbezi Beach. Kwa sista Loveness, yule wa kwaya. Si ndiye aliyenipa kazi ya hapo Madale? Afande? Mbona kimya, nimekosea nini?"

"Usimpigie mtu yeyote," alisema Demetria. "Yeyote."

*

Alikwenda chumbani, akalitoa gauni nyuma ya mlango. Alirudi sebuleni, akavua viatu, akaketi mkekani uso kwa uso na Loveness, na kulitandika gauni magotini pake.

"Limenyooka vizuri."

Kidole cha Loveness kilisimama katikati ya ukurasa. "Mungu ambariki aliyenyoosha."

"Aliyenyoosha alilala mahabusu jana. Ulimpigia Ijumaa saa tisa na dakika mbili. Ulijua akichomeka pasi anachomoa nini."

"Mimi mambo ya mitambo nitayajulia wapi?"

"Mwezi uliopita," Asifiwe alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kichupa bado mkononi. Alisema polepole, kama mtu anayetembea juu ya sakafu yenye utelezi. "Tamthilia yako ilikatika, wifi. Ukamfokea Chausiku, kwa nini anachomoa kiboksi kwa ajili ya pasi. Ukasema hata kamera ya getini ameiua."

"Kwako Mbezi Beach umeme haukukatika leo," alisema Demetria. "Blessing yuko na nani?"

Loveness alifunga Biblia. Hakulia. Alilaza mikono juu ya gauni, akaanza kuyapapasa marinda moja baada ya jingine.

"Nilimvalisha kaka yangu suti ya kuzikiwa mimi," alisema. "Mkono mzima matundu. Asubuhi sindano, jioni sindano, na akafa hivyohivyo. Sasa mnamtoboa na huyu. Nilimwomba mama yake, siku saba tu. Siku saba za maombi bila sindano. Akanikatalia. Angerudi mzima, mngenishukuru."

"Yuko na nani?"

"Na mama mmoja wa kikundi chetu. Yeye anajua mama mtu ameridhia. Kishikwambi nilikizima jana, sijui kakiwasha saa ngapi."

"Anakula?"

"Anakunywa maji. Anakunywa maji mengi sana." Aliinua uso, na ndani yake palikuwa na tumaini kabisa. "Na leo mchana ametapika. Nikajua ugonjwa unatoka."

Sauti iliyomtoka Asifiwe haikuwa neno. Kisha ikakoma, na mikono yake ikaanza kazi. Alimimina chai yote ya chupa kwenye sinki. Akatia barafu. Akakizungushia kichupa cha dawa kitambaa cha flana, kisiguse barafu, akakishusha. Akachukua mabomba ya sindano na kipimo cha sukari ya damu.

"Mpigie huyo mama," Demetria alimwamuru Loveness.

Loveness alipiga. Akapiga tena. "Wakiwa kwenye maombi wanazima simu."

Demetria alimpigia daktari, akamweleza kwa sentensi tatu. Daktari akajibu kwa mbili: wampime hapohapo wamtajie namba, awaambie kiasi cha kumchoma, halafu wasikae, wamlete. Audax alikuwa ameshawasha pikipiki yake getini. "Mie natangulia," alisema, "kwake nakufahamu, nawafungulia njia." Loveness akaingizwa nyuma ya gari la polisi, Demetria pembeni yake. Asifiwe alisimama na mguu mmoja ndani ya gari, akageuka.

"Chausiku! Umekaa unangoja nini? Panda, unishikie chupa."

*

Twaha aliendesha kwa kasi. Kutoka Madale barabara inashuka kwa mabonde na matuta, na kwenye kila tuta Asifiwe alimwambia Chausiku, "Shika vizuri," na Chausiku alijibu, "Nimeishika, mama Blessing," ilhali alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili tangu getini. Mara moja tu Asifiwe aligeuka nyuma.

"Anapumuaje?" aliuliza.

"Kwa nguvu," alisema Loveness. "Kama aliyekimbia."

Asifiwe aligeuka mbele.

Mbezi Beach taa zilikuwa zinawaka kila nyumba. Audax alikuwa ameshafika, anapiga geti kwa viganja. Gari lilipokuwa linasimama, simu ya Asifiwe ikalia mkononi mwake, *tii*, ikashika mtandao yenyewe bila kuombwa. FUNDI ROGERS. Asifiwe aliiangalia, akashuka kabla gari halijatulia, akaanza kukimbia.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kifuani, kitabu cha nyimbo mkononi. Aliona sare za polisi, akamwona Loveness, akamwona mwanamke mwenye simu na macho yale.

"Jamani, si walisema mama yake..."

"Mama yake ni mimi," alisema Asifiwe, akampita.

Chumba kilikuwa cha nyuma. Demetria alisimama mlangoni na, kwa mazoea, akatazama vitu kabla ya watu: ndoo ya maji nusu, kikombe, beseni, godoro chini, kishikwambi cha pinki kilichozima chini ya mto, kona moja imechomoza. Hewa ya chumba ilinuka kama nanasi lililoiva kupita kiasi.

Blessing alikuwa amelala ubavu. Midomo ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka, na kifua chake kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, peke yake kikifanya kazi ya mwili mzima. Asifiwe alipiga magoti. Aliita jina mara moja, mara mbili. Chausiku alifungua kifuniko cha chupa ya chai, na barafu ikagongana ndani yake.

Mtoto alifungua macho. Alimtazama Chausiku, akaitazama chupa, akamtazama mama yake. Kisha, polepole, kwa vidole visivyo na nguvu, akaanza kuvuta gauni lake juu ya paja, pale pale anapochomwaga kila siku.

"Mama," alisema, "sindano yangu imechelewa."